Mazoezi ya Nguvu kwa Njia ya Simu: Kipimo Chako au Ratiba ya Wote?

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, na mwanachama ambaye ni mtaalamu wa mazoezi tiba.)



Nashukuru kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo mkutano huu utaliamua kabla hatujafunga sanduku: maombi ya kutumia sehemu ya mfuko wa jamii kwa ajili ya mazoezi ya wanachama. Mapendekezo yaliyoletwa ni mawili. La kwanza, tununue seti moja ya video za mazoezi ya nyumbani, kila mmoja arushiwe kwenye simu yake, afuate. La pili, tumlipe mtaalamu atupime mmoja mmoja, ampangie kila mtu mazoezi yake ya nguvu, halafu aendelee kutufuatilia kwa simu. La kwanza ni la bei nafuu. La pili litatugharimu zaidi. Mimi naunga mkono la pili, na naomba mnisikilize kwa nini. Kwa kuwa kazi yenyewe ndiyo ninayoifanya, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba sitaiomba. Kikundi kitafute mtu wa nje.

Tuanze na swali la msingi. Nguvu za nini? Si tunatembea kila siku?

Akina mama, misuli ya binadamu huanza kupungua taratibu baada ya umri wa miaka 30 hivi, na baada ya miaka 60 inapungua kwa kasi zaidi. Kwa sisi wanawake liko na jambo la pili: hedhi ikikoma, mifupa nayo inapoteza uimara wake haraka. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akiinuka mkekani bila taabu, siku moja anajikuta anatafuta pa kushika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikuishia kwenye kutembea. Linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani inayompa jasho, na juu ya hizo afanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kwa aliyefikisha miaka 65, linaongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, siku tatu au zaidi kwa wiki.

Najua wapo watakaosema, "Mimi nabeba ndoo ya maji kila asubuhi, hayo si mazoezi?" Ni mazoezi, tena yanahesabiwa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, si mchezo. Lakini jiulize: ndoo uliyobeba mwaka juzi na ndoo uliyobeba leo, si ni ile ile? Misuli ina tabia ya kuzoea. Ikishauzoea mzigo, inabaki pale pale. Ili iongezeke, mzigo nao lazima uongezwe, kidogo kidogo, kwa kipimo. Na wenzetu wanaokaa gengeni au kwenye cherehani kutwa nzima, hata hiyo ndoo wengi wanabebewa.

Hapo kwenye "kidogo kidogo, kwa kipimo" ndipo penye hoja yangu yote. Sisi wa kikundi hiki tunalijua jambo hili kuliko watu wengi. Hatukuanza na mikopo mikubwa. Tulianza na hisa ndogo, tukawa tunaandika kwenye daftari kila wiki, na mtu akirejesha vizuri mkopo wake wa kwanza ndipo anapewa mkubwa zaidi. Na hatujawahi kumpa kila mwanachama mkopo ule ule bila kuuliza biashara yake ikoje. Tungefanya hivyo, nusu yetu wangeshindwa marejesho, na nusu wangesema hela haitoshi kitu. Ratiba ya mazoezi ya watu wote iko hivyo hivyo. Kwa mmoja ni nzito mno, kwa mwingine ni nyepesi mno, na aliyeitengeneza hatajua.

Hebu tuangalie ni mambo gani video haiwezi kuyajua.

Video haijui nani ana shinikizo la damu. Mtu anayenyanyua kitu kizito huku amebana pumzi, shinikizo lake linapanda ghafla. Anayekupangia akijua, atakufundisha kutoa pumzi wakati wa kunyanyua, na atakuanzia kwenye uzito mdogo.

Video haijui nani goti linamuuma. Inakuamuru uchuchumae mara 20, na ukisikia maumivu huna wa kumuuliza. Mwalimu anayekufahamu atakuambia: basi keti kwenye kiti kirefu zaidi, inuka polepole, tuone kama maumivu yanapungua. Zoezi ni lile lile la mapaja, njia tofauti.

Na jambo la tatu, samahanini wageni wetu wanaume, lakini hapa tuko wenyewe. Wapo akina mama ambao baada ya kuzaa, wakiruka au wakikohoa, mkojo unawatoka. Ni tatizo la wengi, na kwa wengi linasaidika kwa mazoezi ya misuli ya chini ya nyonga. Sasa video inasema, "Ruka! Ruka! Ruka!" Mama huyo ataruka siku ya kwanza, siku ya pili atasingizia kazi, siku ya tatu harudi tena, na hatamwambia mtu. Tutasema ni mvivu, kumbe si mvivu. Hakupata mtu wa kumwambia siri yake.

Pengine mnauliza, je, haya ya kufuatiliwa kwa simu yamewahi kujaribiwa mahali? Ndiyo, tena kabla ya simu hizi za kupangusa. Katika mji wa Dunedin huko Nyuzilandi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliwachukua wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997. Kundi moja, wanawake 116, walitembelewa nyumbani na mtaalamu wa mazoezi tiba mara nne katika miezi miwili ya mwanzo. Kila bibi alipangiwa mazoezi yake mwenyewe: ya kuimarisha miguu kwa vifuko vya uzito vilivyofungwa kifundoni, vya nusu kilo na kilo moja, na ya kusimama bila kuyumba. Kazi ilikuwa nusu saa hivi, mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea. Baada ya ile miezi miwili mtaalamu hakwenda tena. Alikuwa akipiga simu kuwauliza hali na kuwatia moyo. Kundi la pili, wanawake 117, waliendelea na matibabu yao ya kawaida na kutembelewa kwa mazungumzo tu.

Mwaka ulipoisha, kundi la pili walikuwa wameanguka mara 152. Waliofanya mazoezi walikuwa wameanguka mara 88.

Fikirini, hao ni mabibi wa miaka 80! Vifaa vyao vilikuwa kitu gani? Nusu kilo na kilo moja. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo hivi. Ya lita moja ni kilo moja. Hakuna anayeshindwa kupata hiyo. Kilichogharimu pale ni mtu wa kuja kumpima bibi, na baadaye mtu wa kumpigia simu.

Niwe mkweli lakini. Utafiti ule haukulinganisha mazoezi ya kipimo na video. Ulilinganisha mazoezi ya kipimo na kutofanya mazoezi hayo. Kwa hiyo sitawaambia kwamba video haina faida. Ina faida. Mtu mzima asiye na maradhi, anayependa mazoezi, mwenye nidhamu yake, anaweza kuanza kwa video na akapata nguvu, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu mwili ambao haujazoea mazoezi huitikia karibu lolote unaloufanyisha. Tatizo linakuja miezi ile ya mwanzo ikipita. Nani atamwambia aongeze? Nani atamwuliza mbona wiki hii hukufanya?

Na kuna mazoezi ambayo kwa video peke yake siyapendekezi kabisa. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Australia juu ya wanawake 101 waliokwisha koma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imepungua uimara. Waliopangiwa kunyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi minane, mifupa yao ya uti wa mgongo iliongezeka uimara. Habari njema sana! Ila walifanya hayo mbele ya msimamizi, wakaanza na uzito mdogo na kufundishwa namna ya kunyanyua. Mtu asisikie leo "vyuma vizito vinajenga mfupa" kesho akainua gunia la mahindi kwa mgongo uliopinda.

Sasa huyo mtaalamu wa simu anafanyaje kazi, maana hakuoni? Kwanza, akuone walau mara moja ana kwa ana. Hilo naomba tulishikilie. Akuulize maradhi yako, dawa unazokunywa, uzazi wako, kazi yako ya kila siku. Kisha akupime. Kipimo kimoja rahisi ni hiki: keti kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, simama wima na kuketi kwa sekunde 30, hesabu umesimama mara ngapi. Katika jedwali linalotumiwa na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akisimama chini ya mara 12, yuko chini ya wastani. Wa miaka 70 hadi 74 ni chini ya mara 10. Namba yako inaandikwa. Baada ya miezi mitatu unapimwa tena, na namba zenyewe ndizo zitakazosema kama hela yetu imefanya kazi.

Yaliyobaki yanakwenda kwa simu, hata simu ndogo ya kitochi inatosha. Unapiga unasema, nimeinuka kitini mara kumi, raundi mbili. Yeye anakuuliza swali moja: ungeweza kuongeza mangapi kabla ya kushindwa? Ukijibu mawili au matatu, kipimo ni chako, endelea. Ukijibu kumi, anakuongezea. Ukijibu "hata hayo nilimaliza kwa kutetemeka", anakupunguzia. Mwenye simu kubwa anaweza kumtumia video fupi ili aone mgongo na magoti yamekaaje.

Tahadhari, akina mama. Biashara hii ina wajanja. Yuko anayejiita mwalimu wa mtu mmoja mmoja, kumbe karatasi ni moja, anabadilisha jina juu. Mtamjua kwa maswali manne. Je, aliuliza hali yako kabla ya kukupangia? Je, ukimwambia zoezi linakuuma, ratiba inabadilika? Je, anaandika kumbukumbu zako? Je, amesomea wapi? Akishindwa mawili kati ya hayo, afadhali tununue ile video, tutakuwa tumeokoa fedha. Na mwalimu yeyote, wa simu au wa ana kwa ana, si badala ya hospitali. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukata isivyo kawaida, acha mazoezi uende kwa daktari.

Mama Mwenyekiti, namalizia na pendekezo. Gharama tunaweza kuipunguza. Tayari tuna vikundi vidogo vya watu watano watano vinavyodhaminiana mikopo. Mtaalamu aje siku zetu za mkutano, apime kundi moja kila wiki, amwandikie kila mwanachama kadi yake. Baada ya hapo awe anapiga simu mara mbili kwa mwezi, na katikati wale watano waulizane wenyewe: umefanya? Umefikia mangapi? Kama tunavyoulizana marejesho. Tujaribu miezi sita, tupime tena, matokeo yasomwe hapa mbele yenu pamoja na hesabu ya mweka hazina. Kama namba hazijapanda, tusitishe. Tuanze na wanachama waliofikisha miaka 55 na wale waliowahi kuanguka, maana wao wakivunjika nyonga, mfuko huu huu wa jamii ndio utakaogongewa mlango.

Kwa miaka kumi tumetunza fedha kwa sababu kila shilingi iliandikwa jina la mwenyewe. Naomba na miguu yetu tuitunze kwa utaratibu huo huo, ili ufike mwaka wa ishirini wa kikundi tukiwa tunakuja mkutanoni kwa miguu yetu wenyewe.

 Maswali nitayapokea.