Chujio la Petroli kwa Gari la Kulala, Toka Lodwar Hata Kakuma



Yako magari ambayo ni nyumba pia. Ndani yake mna kitanda, sanduku la vyombo, jiko la gesi na mapazia madirishani, na wenyewe husafiri siku nyingi bila ya kutafuta hoteli. Mengi ya magari hayo yaliyo ya zamani, kama vile Kombi za Volkswagen zilizoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, au Bedford na Land Rover zilizogeuzwa kuwa vyumba vya kulala huko Uingereza, hutumia kabureta. Wenye magari ya namna hiyo wanaokwenda Turkana hushuka kutoka Kitale na Kapenguria, wakapita Marich na Lokichar, hata wakafika Lodwar. Na toka Lodwar mpaka Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Maneno haya yahusu kitu kidogo cha magari hayo, kitu kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho ni chujio la petroli.

Yafaa kwanza kufahamu chujio hulinda nini. Ndani ya kabureta mna matundu membamba sana. Katika kabureta ya Kombi, tundu la petroli ya kuungurumisha injini gari linaposimama lina upana wa kama nusu milimita tu. Tena mna sindano ndogo inayofunga njia ya petroli wakati kibakuli cha kabureta kinapojaa, nayo husukumwa na kiboya. Uchafu ukiingia katika lile tundu, injini huzimika kila dereva anapoinua mguu wake. Chembe ya kutu ikikaa juu ya kiti cha sindano, petroli haifungiki, bali hufurika na kumwagikia injini yenye moto. La kwanza ni udhia na la pili ni hatari. Lakini udhia nao hugeuka hatari ukimpata mtu katikati ya laga. Mto Tarach, hapo Kakuma, huweza kuwa mchanga mtupu asubuhi, na baadaye ukajaa maji ya mvua iliyonyesha mbali milimani, hali mji wenyewe haukupata hata tone.

Wasafiri wengi hulaumu vumbi la Turkana. Vumbi lina makosa yake, na chujio la hewa ndilo linalopambana nalo. Lakini petroli iliyomo ndani ya bomba haikutani na vumbi, isipokuwa pale kifuniko kinapofunguliwa au petroli inapomiminwa kutoka katika pipa. Adui mkubwa ni tangi la gari lenyewe. Gari lililokaa miaka kadhaa chini ya mti huota kutu ndani ya tangi, na petroli iliyosahauliwa humo huganda ikawa kama gundi. Uchafu huo hulala chini kwa utulivu mpaka siku gari linapoanza kurukaruka njiani, ndipo unapotibuka wote. Kwa hiyo chujio jipya la gari la namna hiyo huweza kuziba kabla halijafika Lokichar, na mwenyewe akadhani ameuziwa kitu kibovu, kumbe chujio limefanya kazi yake sawasawa. Dawa ni kuliteremsha tangi na kulisafisha kabla ya safari. Kubadili machujio kila siku ni kama kupangusa sakafu huku paa lavuja.

(Kwa kuwa Lokichar imetajwa: mafuta yaligunduliwa chini ya ardhi ya sehemu hizo mwaka 2012, lakini msafiri asidhani kwamba petroli anayoinunua Lodwar imetoka hapo. Mafuta hayo ni ghafi, na kiwanda cha Mombasa kilichokuwa kikisafisha mafuta ghafi kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Petroli huja kwa meli, kisha husafiri nchi nzima mpaka Turkana, na kila inapohamishwa kutoka chombo hata chombo hupata nafasi ya kuingiwa na maji au takataka.)

Sasa kuhusu kuchagua. Watu wengi hudhani kwamba chujio lenye matundu madogo kuliko yote ndilo bora kuliko yote. Sivyo. Machujio ya magari ya siku hizi, yale yanayopuliziwa petroli kwa nguvu za umeme, hukamata chembe ndogo mno, kwa sababu pampu zake zina nguvu nyingi za kusukuma. Pampu ya zamani inayoendeshwa na injini husukuma kwa nguvu ya ratili chache tu kwa inchi mraba, na nguvu zake za kuvuta ni haba zaidi. Ikifungiwa chujio zito upande wa tangi, hushindwa kuvuta, hasa gari linapopanda kilima limejaa maji, chakula na watu. Injini hukosa nguvu, hukohoa, kisha huzimika; baada ya kupumzika kidogo huwaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Kwa kabureta lafaa chujio la kiasi, lililoandikwa kuwa ni la kabureta, na lenye midomo inayolingana na bomba la gari. Chujio dogo la pikipiki, ingawa ni rahisi kupatikana, halifai: midomo yake mara nyingi ni myembamba, na tumbo lake hujaa kutu upesi. Ukubwa wa tumbo ndio hasa wa kutazamwa. Kombi hutumia yapata lita 12 kwa kilomita 100, na kiasi hicho hupita kwa urahisi katika chujio lolote la kadiri; lakini chujio lenye karatasi nyingi ndani huchukua uchafu mwingi kabla ya kuziba.

Kuna chujio la plastiki jeupe linaloonyesha kilichomo ndani. Bei yake ni ndogo, na faida yake ni kwamba mtu huuona uchafu kwa macho. Wengine huingiwa na hofu wakiona petroli haikulijaza. Hiyo si dalili ya ubovu, maadamu injini yavuta vizuri. Hasara yake ni kwamba joto huikausha plastiki, na mdomo wake huweza kuvunjika bila ya kuguswa. Kuna la kioo lenye vifuniko vya chuma vinavyokazwa kwa skrubu. Hilo hupendeza sana machoni, na pengine ndiyo sababu hununuliwa. Lakini vipete vyake vya mpira hulegea kwa mtikisiko, na kioo ni kioo. Halipasi kuwekwa karibu na injini. Kuna la chuma lililofungwa pande zote, ambalo halionyeshi kitu, hivyo hubadilishwa kwa kuhesabu kilomita; kwa njia ya Kakuma hilo ndilo la kuaminiwa. Mwisho kuna kibakuli cha kutulizia uchafu, kama kile kilichomo katika pampu ya Land Rover nyingi za zamani. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na mtu hukifungua kibakuli akayamwaga. Mwenye kununua petroli ya mapipa asikidharau hata kidogo.

Mahali pa kuliweka chujio ni jambo kubwa kuliko aina yake. Katika Kombi, injini iko nyuma na tangi liko juu kidogo mbele yake. Mafundi wengi, kwa kuwa hapo ndipo mkono unapofika, hulikata bomba la mpira lililo karibu na kabureta na kulitia chujio la plastiki katikati. Hapo chujio huning'inia, huvuta bomba kwa uzito wake, hutikisika, na siku moja bomba huchomoka au mdomo hukatika. Petroli humwagikia mashine yenye moto na cheche. Kizimba cha injini ya Kombi kimetengenezwa kwa madini ya magnesi, ambayo yakisha shika moto hayazimiki kwa maji. Na dakika chache tu zatosha moto kuyafikia mapazia, godoro na mtungi wa gesi, pengine watoto wamelala. Chujio la Kombi liwekwe nje ya chumba cha injini, upande wa tangi, lifungwe juu ya mwili wa gari, na likingwe kwa kipande cha mpira ili mawe yasiligonge. Mabomba ya mpira nayo yawe mapya, ya kuhimili petroli, na kila ncha iwe na klipu yake.

Joto la Lodwar laleta neno jingine. Mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi, na katika joto la kadiri hiyo sehemu nyepesi za petroli huanza kugeuka mvuke. Mvuke ukijaa katika pampu, injini huzima, na dereva hulilaumu chujio. Hapo atie kitambaa chenye maji juu ya pampu. Ikiwaka baada ya kupoa, aliyekosa ni joto, na dawa yake ni kuliepusha bomba na chuma chenye moto. Ikiwa gari hukosa nguvu hata alfajiri, alitazame chujio.

Wakati wa kulibadili, waya wa betri ufunguliwe kwanza, na kazi ifanywe mchana au kwa tochi, wala si kwa taa ya moto. Katika Kombi petroli hushuka yenyewe mara bomba linapochomolewa, basi kizibo kiwe tayari mkononi. Mshale ulioandikwa juu ya chujio uelekee injini. Akifika Kakuma, mwenye gari alikate chujio la zamani na kumwaga kilichomo juu ya kitambaa cheupe. Unga mwekundu watoka katika tangi lake. Mchanga waingia kwa pipa au kwa kifuniko kibovu. Matone yanayojitenga na petroli ni maji. Vipande vyeusi vilaini ni bomba lake la mpira linalooza kwa ndani, na hilo libadilishwe hapo hapo Kakuma, kabla ya kuondoka kurudi Lodwar.