Nuru Katika Shamba la Muhogo



Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walichapisha jinsi walivyoifunza kompyuta kutambua maradhi ya muhogo kwa picha 2,756 za majani, zilizopigwa katika mashamba ya taasisi ya IITA nje ya Bagamoyo. Kazi hiyo ikazaa programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo hupima jani pasipo mtandao.

Uchunguzi wa mwaka 2019, hata hivyo, ulionyesha kuwa simu hukosea zaidi dalili zikiwa hafifu. Hapo ndipo penye hasara, kwani pingili za mbegu hukatwa katika shina lionekanalo zima. Tena michirizi ya kahawia yaweza kuozesha mizizi huku majani yakipendeza. Basi kabla chama hakijagawa mbegu, mashina machache yang'olewe, na mizizi ipasuliwe mbele ya wanachama.