Hesabu Iliyofunua Nguvu ya Atomi



Mara nyingi nimesikia watu wakisema ya kwamba wataalamu wa atomi waliumba nguvu ambayo haikuwako. Sivyo. Nguvu ile ilikuwamo tangu zamani, na aliyeonyesha ilikotoka alifanya hesabu yake juu ya gogo la mti, katikati ya theluji.

Mwezi wa Desemba 1938, huko Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipiga uraniamu kwa nyutroni, wakakuta bariamu, ambayo atomi yake ina uzito uzidio kidogo tu nusu ya ule wa uraniamu. Wakastaajabu. Hahn akamwandikia Bibi Lise Meitner, mwenzake wa miaka mingi, aliyekuwa amekimbilia Sweden mwaka ule ule kwa kuwa serikali ya Hitler iliwatesa watu wa asili ya Kiyahudi. Siku za Krismasi Bibi Meitner alikuwa Kungälv pamoja na mpwa wake, Otto Frisch, akamwonyesha barua. Frisch hakusadiki. Wakatoka kutembea, Frisch juu ya mbao za kutelezea na Bibi Meitner kwa miguu, hata wakaketi juu ya gogo na kutoa vipande vya karatasi.

Hesabu ya umeme ni nyepesi. Kiini cha uraniamu kina protoni 92. Ukiondoa 56 za bariamu zinasalia 36, nayo ndiyo kriptoni. Vipande hivyo viwili vina umeme wa namna moja, basi husukumana na kuruka kila kimoja upande wake. Kilicho chepesi huenda mbio zaidi, kama risasi iendavyo mbele na bunduki kumpiga mwindaji begani. Wakakadiria nguvu ya mwendo huo: elektroni-volti milioni 200 kwa atomi moja tu!

Yatoka wapi? Mwenye duka akikuta fedha zimezidi sandukuni hatulii mpaka aone katika daftari zilikotoka. Bibi Meitner alijua kukadiria uzito wa viini. Akaona vipande viwili pamoja ni vyepesi kuliko kiini cha kwanza, kwa kadiri ya sehemu moja ya tano ya uzito wa protoni. Einstein alikuwa amefundisha mwaka 1905 ya kwamba uzito, ukizidishwa kwa mwendo wa nuru, kisha kwa mwendo huo tena, ndiyo nguvu iliyomo. Akazidisha, akapata milioni 200 zile zile.

Tena angalieni jambo hili, maana hapa wengi hupotea: protoni na nyutroni hazikupungua hata moja. Uraniamu 235 na nyutroni moja ni 236. Bariamu 141, kriptoni 92 na nyutroni tatu ni 236 vile vile. Idadi ni ile ile, ila mizani yasema uzito umepungua.

Januari 1939 Frisch aliviona vipande hivyo kwa vyombo vyake huko Copenhagen.

Kilo moja ya uraniamu 235 ikipasuka yote, uzito upunguao ni kama gramu moja, na nguvu yake ni karibu sawa na ya kuchoma tani 3,000 za makaa ya mawe. Katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, uzito uliogeuka haukufika gramu moja. Bibi Meitner alikuwa ameombwa mwaka 1943 kushiriki kazi ya bomu, naye akakataa.