Moshi wa Ubani: Dawa, Ibada au Mazoea?

Bismillahir Rahmanir Rahim

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi, Ndhiwa, baada ya swala ya alasiri)



Nimepewa muda mfupi kabla ya magharibi, na mwenye njaa hana masikio, kwa hivyo sitawazungusha.

Hapa Ndhiwa sisi Waislamu ni wachache. Jirani akipita jioni akasikia harufu ya ubani, atasema, "Hawa wameanza kuita majini." Lakini jirani huyo huyo, ikiwa ni Mkatoliki, humwona padri wake akipunga chetezo kanisani na wala hashtuki. Moshi si wa dini moja. Wamisri wa kale, katika maandishi ya tiba yanayoitwa papirasi ya Ebers, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, walieleza jinsi ya kupasha dawa juu ya jiwe la moto ili mgonjwa wa kifua avute mvuke wake. Malkia wao Hatshepsut alituma majahazi mpaka nchi ya Punt, ambayo wanahistoria wengi wanaiweka upande huu wetu wa Bahari ya Shamu, yakarudi na miti ya ubani ikiwa na mizizi yake. Neno letu ubani limetoka kwa Waarabu, luban, na ule ulio bora mpaka leo hutoka Dhofar, Oman, na Somalia. Hata kaskazini mwa Kenya, Wajir na Marsabit, wafugaji hukusanya utomvu wa miti ya jamii hiyo.

Je, katika Uislamu? Sahih Muslim inatueleza kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akijifukiza kwa udi mtupu, au udi uliochanganywa na kafuri, na akasema hivyo ndivyo alivyofanya Mtume (s.a.w.). Yuko pia mpokezi wa hadithi anayeitwa Nu'aym al-Mujmir. Hilo "al-Mujmir" maana yake ni mwenye kufukiza, kwa kuwa yeye, au baba yake, ndiye aliyekuwa akifukiza msikiti wa Madina. Kwa hivyo mtu akikwambia ubani ni uchawi tu, mjibu kwa upole kwamba hajasoma.

Lakini hapa ndipo panapochanganya watu. Udi wa Ibn Umar ulikuwa manukato. Ile "udi ya Kihindi" iliyotajwa katika Bukhari kuwa ina ponyo saba ni qust, mzizi wa mmea mwingine kabisa, na Mtume (s.a.w.) alitaja kuutia puani na kuunywesha pembeni mwa mdomo. Hakutaja kuuchoma. Siku hizi muuzaji anakupa kijiti chochote chenye harufu, anakwambia hii ni sunna, inatibu magonjwa saba, na wewe unatoa pesa.

Sasa tuje kwa majini. Sisi tunaamini majini wapo, Qur'ani imewataja. Huko pwani, katika ngoma za pepo, chetezo huwekwa mbele ya mgonjwa, hufunikwa shuka, na fundi huuliza pepo anataka nini. Kila pepo na ubani wake! Maulamaa wamesema wazi: kufukiza nyumba ipate harufu nzuri hakuna ubaya, lakini kumfukizia jini ili aridhike au asaidie, hiyo ni shirki. Moshi ni ule ule, nia ndiyo inayotofautiana.

Ndugu zangu, mimi sizungumzi haya kutoka vitabuni pekee. Nilipokuwa darasa la saba mdogo wangu, akiwa na miaka mitatu, alishikwa na homa. Usiku wa kwanza akaanza kukakamaa, macho yakapinduka. Dani alisema ni kitu kimempita. Akaitwa mtu mmoja anayesifika kwa kusoma, akaangalia, akasema ni jini, afukizwe siku tatu. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa madrasa, nikapewa chetezo nikishike. Mtoto yuko chini ya blanketi, anakohoa, mimi napepea makaa na kusoma Ayatul Kursiyy. Nilijiona mtu mzima kabisa. Usiku wa pili alinyamaza, tukafurahi kwamba jini limeondoka. Kumbe alikuwa amezimia. Asubuhi baba alirudi kutoka safari, hakuuliza mtu kitu, akambeba kwa pikipiki mpaka hospitali. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, na damu imeisha. Alhamdulillah alipona.

Ayatul Kursiyy haikuwa kosa. Kosa lilikuwa zile siku mbili.

Baadaye nikiwa chuo kikuu nilikuta kwamba si sisi peke yetu. Utafiti uliofanywa Bagamoyo, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 1996, ulieleza jinsi wazazi wanavyotibu degedege: wengine huchoma kinyesi cha ndovu wakamfukizia mtoto, na dawa za hospitali huja nyuma. Nilisoma ukurasa ule nikaufunga, nikatoka nje.

Msinielewe vibaya, moshi una kazi yake. Wazee wetu wa huku ziwani huchoma kivumbasi na majani mengine jioni kufukuza mbu, na hawakubahatisha. Mwaka 2002 watafiti waliofanya kazi na kituo cha ICIPE, hapo Mbita tu, walichapisha matokeo yao kwamba majani ya namna hiyo hupunguza mbu wa malaria ndani ya nyumba, hasa yakipashwa moto taratibu badala ya kuteketezwa. Kupunguza lakini si kumaliza, chandarua kibaki pale pale. Ulaya nao karne ya 19 waliuza sigara za pumu zenye majani ya mnanaha, na kweli zililegeza kifua kidogo, ingawa mmea wenyewe ni sumu. Na mwaka 2020 wakati wa Korona, nyungu ilivuma sana Tanzania, hata Rais Magufuli aliisifu. Mvuke unafungua pua, hilo kweli. Kirusi kilichokwisha kuingia mwilini hakiguswi, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi limeunguza watoto wengi.

Tena kuna jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani, wa kuni na makaa, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mama anayepika futari ndani bila dirisha anavuta moshi kuliko mtu yeyote hapa.

Nimeulizwa pia kuhusu saumu. Maulamaa wamekhitilafiana. Wengi wa Kihanafi na Kimaliki wanasema kuuvuta moshi wa udi kwa kusudi kunafunguza, na wengi wa madhehebu yetu ya Shafi hawaoni hivyo kwa moshi wa manukato. Sigara inafunguza, hapo usitafute mlango. Mimi nawaomba wanaoandaa msikiti wafukize kabla ya tarawehe, wafungue madirisha, kisha chetezo kitolewe nje. Msikiti wetu ni wa mabati, mdogo, na tunao wenye pumu safu ya nyuma wanaoona haya kusema.

Mdogo wangu huyo yuko hapa leo, yuko sekondari. Sikio lake la kushoto halikurudi tangu ugonjwa ule. Ukimtolea salamu kutoka upande huo asiitikie, zunguka uje kulia.