Ngitili Kwanza, Mradi Baadaye: Mkakati wa Asasi Zinazofanya Kazi Vijijini Shinyanga na Geita

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya asasi za kiraia, Kambarage, Manispaa ya Shinyanga



Tumekutana katika kata yenye jina la Mwalimu Nyerere, na jina hilo, Kambarage, kwa Wazanaki ni la mzimu wa mvua. Naanza hapo kwa sababu mada niliyopewa, kipato endelevu kwa kaya maskini za vijijini, huku kwetu haijawahi kuachana na mvua. Katikati ya miaka ya 80 Mwalimu aliiona ardhi ya mkoa huu ilivyobaki uwazi mtupu, akailinganisha na jangwa. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mkoa wa wakati ule ulikuwa mpana: Maswa, Bariadi na Meatu zilikuwa ndani yake, na hata Bukombe ambayo leo iko Geita. Kwa hiyo ndugu zetu wa ukanda wa dhahabu wasidhani nawasimulia habari za jirani.

Jangwa lile halikuletwa na ukame peke yake. Tangu miaka ya 1920 wakoloni walifyeka vichaka kwa maelfu ya hekta ili kumfukuza mbung'o. Pamba nayo ikadai mashamba mapya. Kisha ikaja operesheni ya vijiji katika miaka ya 70, kaya zikahamishwa kutoka kwenye maeneo yao, na majani waliyokuwa wakiyatunza nyuma ya nyumba yakabaki bila mwenyewe. Naomba tuishike hiyo, kwamba yalibaki bila mwenyewe, maana hoja yangu yote imekaa hapo.

HASHI ilianza kama tunavyoanza wengi wetu, kwa vitalu na miche. Wananchi waliipokea miche kwa adabu, kama Msukuma anavyopokea kitu cha mgeni. Mambo yalibadilika pale wataalamu walipoacha kuuliza watu wapande mti gani, wakauliza zamani walikuwa wanafanyaje. Jibu lilikuwa ngitili. Mvua zikianza, kipande cha ardhi kinafungwa, mifugo haiingii. Majani yanakua, visiki vinachipua migunga, na kiangazi kikikaza eneo linafunguliwa kwa ng'ombe wa kulima, ndama na mifugo iliyodhoofika. Kazi kubwa ni kujizuia, maana visiki huchipua vyenyewe.

Ngitili zilizokuwa zinajulikana mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilivuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2005 Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN walichapisha tathmini. Walipojumlisha malisho, kuni, fito, nyasi za kuezekea, asali, dawa na matunda ya porini, walipata faida ya wastani wa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.5. Sehemu kubwa ya faida hiyo haipiti mkononi kama noti. Ni ng'ombe aliyevuka Septemba akiwa hai, na mama aliyepata kuni karibu na nyumbani badala ya kutembea saa kadhaa. Dodoso zetu zikiuliza tu kaya inaingiza shilingi ngapi, faida hiyo hazitaiona.

Nani alilinda hekta hizo? Si HASHI, wala haikuwa na askari wa kutosha hata kwa tarafa moja. Walilinda wanakijiji wenyewe kwa dagashida, baraza linalopanga kanuni. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa mchenya, na sungusungu walihakikisha faini inalipwa. Baadaye vijiji vingi viliziandika kanuni hizo kama sheria ndogo. Mfadhili, ambaye alikuwa Norway, alilipia wataalamu, magari na mafunzo. Faini hakuipanga yeye.

Sasa nijitolee ushahidi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na asasi ambayo sitaitaja, tuligawa mizinga ya nyuki ya kisasa kwa kikundi kimoja wilayani Kishapu. Tulikuwa na andiko zuri, viashiria vizuri, na picha za uzinduzi zenye mgeni rasmi. Baada ya misimu miwili nilirudi. Mzinga mmoja ulikuwa na kuku anayeatamia, mwingine umehifadhi mbegu za dengu. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, mlituletea nyumba za nyuki, hamkuuliza nyuki watakula wapi." Eneo tulilotundikia lilikuwa la kijiji kwa jina tu. Kila mtu alichunga humo, kila mtu alikata humo. Taarifa tuliyompelekea mfadhili ilisema kikundi kimejengewa uwezo.

Simaanishi kwamba ngitili ni dawa ya kila ugonjwa. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiye aliyefaidi zaidi, na kaya isiyo na eneo ilibaki kuomba kuni kwa jirani. Uamuzi wa kufunga na kufungua mara nyingi umebaki kwa baba. Na mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, watu na mifugo hawakuacha kuongezeka; zipo ngitili zilizogeuzwa mashamba. Ndiyo maana napendekeza tuanze na ngitili za vikundi na za shule, ambamo mjane na kijana wana sauti, na tugharamie hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, jina la mama likiwemo. Fedha inayotumika kwa uzinduzi mmoja wenye hema na viti vya kukodi ingepima maeneo mengi.

Upande wa Geita na Kahama kuna dhahabu, na hapo asasi nyingi hushika mahubiri. Tunamwambia kijana aache duara, shimo lake la dhahabu, arudi shambani, wakati shamba lenyewe halijamlipa tangu bei ya pamba ilipoanguka. Mimi nadhani tumwache achimbe, tumsaidie aepukane na zebaki, na tujiulize fedha yake inapita wapi ikitoka kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu. Ikipita baa tu, rashi ikihamia kwingine yeye hubaki na tochi. Migodi mikubwa nayo ina mwisho: Buzwagi ilianza kuzalisha mwaka 2009, na kufikia 2021 uzalishaji ulikuwa umekoma. Waliobaki na biashara ni wale waliokuwa na wateja nje ya uzio.

Kambi ya wachimbaji inakula kila siku. Inakula mchele, kuku, mbuzi, maharage. Mama lishe wa machimboni mara nyingi ana kipato cha uhakika kuliko mwenye duara, na ndiye asiyekosa kikao cha kikundi cha hisa. Sanduku lenye kufuli tatu limeshaenea vijijini, hatuna haja ya kulianzisha upya wala kulibandika nembo yetu. Tunachoweza kushauri ni tarehe. Vikundi vingi hugawana Desemba, fedha ikaishia kwenye sikukuu. Mgao ukifanyika Oktoba, kabla ya mvua, fedha hiyo hiyo inanunua mbegu, au jembe la kukokotwa na ng'ombe waliovushwa kiangazi na ngitili.

Ndugu Mwenyekiti, mpango mkakati wa asasi yangu tumeuandika upya kwa namna ambayo mfadhili wetu mmoja hakuipenda. Msimu wa kwanza mzima hatugawi kitu. Tunakaa kwenye mikutano ya kijiji na kuandika nani anamiliki nini, nani anatoza nani faini. Mwaka wa kuondoka umeandikwa ukurasa wa kwanza, na bajeti ya kuondoka ipo. Mfadhili aliuliza ni kaya ngapi zitakuwa zimefikiwa kufikia Juni. Tulimjibu kwamba hakuna. Hajatuandikia tena, ila wa pili amekubali.

Kuna kipengele ambacho bado kinatushinda: kaya isiyo na ardhi wala ng'ombe, ambayo haiwezi kuleta hisa ya wiki hata ikipunguzwa vipi. Naomba kikundi cha pili cha majadiliano kianze na hilo baada ya chai.