Kuvumilia Si Kufumba Macho

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Wilaya za Mbulu na Hanang)



Tumeombwa tuseme machache juu ya uvumilivu na utambuzi katika maisha ya kanisa. Sisi wa Elimu ya Watu Wazima si wachungaji wala makatekista. Lakini wanaokaa kwenye mabenchi ya kanisa ndio hawa hawa tunaokutana nao darasani. Mtu akishajua kusoma, hatuwezi kumwambia asome gazeti na maandishi ya mfuko wa mbolea, halafu mahubiri ayameze bila kutafuna.

Tuchukue jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Mzee Ambilikile Mwasapila, alikuwa akitoa dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Kikombe kimoja, mara moja tu, shilingi 500. Kilisemwa kinaponya kisukari, pumu, saratani, hata UKIMWI. Watu walikwenda kwa maelfu. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wagonjwa wengine walifia njiani. Mwishoni mwa Machi yeye mwenyewe aliomba watu wasije kwanza, mpaka foleni ipungue. Wakubwa wa Serikali walikunywa. Viongozi wa dini hawakuwa na neno moja.

Mzee yule alifariki mwaka 2021. Sisi hatumwiti tapeli. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwongo anayetaka ng'ombe wako, utamjua tu siku moja. Lakini mtu mpole, mzee wa kanisa, anayeamini kwa moyo wote jambo ambalo halijapimwa, huyo nani atamuuliza? Wapo waliokunywa kikombe wakaacha dawa zao za UKIMWI. Kikombe hakikuwadhuru. Kilichowadhuru ni kuacha vidonge.

Basi, kuuliza ni ukosefu wa imani? Hebu fungueni kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, msome habari za watu wa Beroya. Mtume Paulo aliwahubiria, nao kila siku walikwenda kuchunguza Maandiko waone kama maneno yake ni kweli. Hawakukemewa, bali walisifiwa. Sasa, kama Paulo alichunguzwa, mhubiri aliyekuja juzi na spika kubwa ana nini hata asichunguzwe? Nao walichunguza kwa kusoma. Asiyejua kusoma humtegemea yule yule anayemchunguza amsomee!

Hasara ya kutochunguza si ya fedha peke yake. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, kila mmoja akikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023 huko Kenya, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Watoto walikuwamo. Na wale walivumilia kweli kweli, hatuwezi kusema hawakuvumilia. Kwa hiyo uvumilivu usiokuwa na macho unaweza kumzika mtu.

Uvumilivu tunaousifu ni mwingine, nao hauna kelele. Mnaijua Hospitali ya Haydom. Wamisionari Walutheri kutoka Norwei waliifungua mwaka 1955, na mpaka leo wagonjwa wanapokelewa. Haikusimama kwa muujiza wa siku moja. Mgonjwa wa kifua kikuu naye kwa kawaida hunywa dawa miezi 6. Wiki chache tu kikohozi hupungua, hapo mtu husema nimepona, Mungu ni mwema, na vidonge huishia juu ya kabati. Ugonjwa ukirudi huwa mkaidi, dawa za kwanza huenda zisiuweze. Tungependa wazee wa kanisa wawaombee wagonjwa hawa, halafu wawaulize, "Leo umekunywa?"

Jambo moja zaidi, maana linatuuma. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilileta matope na mawe kutoka Mlima Hanang mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Akitokea mtu akakuambia marehemu wako alikufa kwa sababu ya dhambi zake, mfungulie Luka, sura ya 13. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18, na Yesu alikataa kusema kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Mlima ulikuwa na sehemu dhaifu, ikalowa maji mengi, ikakatika. Aliyefiwa anahitaji mtu wa kumsaidia kulima na kujenga upya. Mshitaki hamhitaji.

Haya, wiki ijayo tutasoma sura hizo mbili kwa zamu, kila mtu aya moja moja, polepole. Mwenye miwani asiisahau. Na mwenye kadi ya kliniki aje nayo, tujifunze kusoma tarehe ya kurudi.