Kabla ya Kulipia Gemu: Yajue Masharti ya Mlangoni

Maneno ya mhadhara kwa watumiaji wa jiji la Mwanza na visiwa vya jirani



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mizani, risiti na tarehe za mwisho wa matumizi. Leo tunazungumza juu ya bidhaa isiyopimwa kwa mizani, nayo ni gemu ya kompyuta.

Tuchukue mfano. Mzazi ananunua diski ya gemu ya mpira mjini Mwanza, anapanda kivuko hadi Nansio, Ukerewe, na kumkabidhi mwanawe zawadi hiyo. Mtoto anaitia diski katika kompyuta, lakini gemu haifunguki. Anaambiwa kwanza aweke programu nyingine, kisha ajisajili kwa jina, barua pepe na tarehe ya kuzaliwa, kisha apakue sehemu kubwa ya gemu isiyokuwamo katika diski. Bando la wiki linakwisha kabla ya mchezo kuanza. Na ikiwa diski hiyo ilikwisha kutumiwa na mtu mwingine, huenda namba yake ya siri imefungwa kwenye akaunti ya yule wa kwanza. Hapo mzazi amenunua kipande cha plastiki.

Programu hiyo ya lazima tuiite bawabu, kwa kuwa hukaa mlangoni na bila idhini yake hakuna aingiaye. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba nakala imelipiwa na kuzuia isinakiliwe ovyo. Mwaka 2004 kampuni ya Valve ya Marekani ilipotoa gemu ya Half-Life 2, hata aliyenunua diski dukani alilazimika kuweka programu ya Steam ndipo acheze. Kampuni nyingine kubwa zikafuata kwa programu zao wenyewe.

Hatusemi kwamba watengenezaji hawana haki ya kulinda jasho lao. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta pia. Gemu iliyovunjwa kufuli na kuuzwa kwa bei ya kutupa ndani ya flashi inavunja haki ya mwenye kazi, na mara nyingi hubeba virusi vinavyoiba nywila za mnunuzi. Lakini haki ya muuzaji haifuti haki ya mnunuzi, na mnunuzi ana mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni faragha. Bawabu aweza kujua unacheza saa ngapi, kwa muda gani, na kompyuta yako ina vifaa gani. Mwaka 2011 wateja nchini Ujerumani walilalamika kwamba masharti ya programu ya Origin ya kampuni ya EA yaliipa kampuni ruhusa pana mno ya kukusanya taarifa za kompyuta zao, kampuni ikayarekebisha. Malalamiko ya wateja yana nguvu.

La pili ni intaneti. Mwaka 2010 kampuni ya Ubisoft ilitoa gemu ya Assassin's Creed II kwa kompyuta, ikiwa na sharti la kuunganishwa na intaneti muda wote, hata kwa anayecheza peke yake. Mitambo ya kampuni iliposhambuliwa mwezi Machi mwaka huo, wateja waliolipa kihalali walifungiwa nje. Kwetu, ambako umeme hukatika na mtandao visiwani huyumba, sharti kama hilo ni zito zaidi.

La tatu ni umiliki. Wavuvi wa Mwaloni, Kirumba, wanaijua leseni: hulipiwa, ina masharti, ina mwisho, wala haimpi mvuvi umiliki wa ziwa. Gemu nyingi za leo huuzwa kwa namna hiyo hiyo, ila muuzaji huandika neno "nunua". Gemu ya The Crew ya Ubisoft, iliyotoka mwaka 2014, ilizimwa mitambo yake tarehe 31 Machi 2024, na waliokuwa wameilipia hawakuweza kuicheza tena. Tangu tarehe 1 Januari 2025 jimbo la California nchini Marekani linamtaka muuzaji amweleze mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni.

Hapa nchini hatuko mikono mitupu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje, na ya kutaka zirekebishwe au zifutwe. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muuzaji wa dukani akikupotosha kuhusu bidhaa, Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana.

Basi kabla ya kutoa fedha, muulizeni muuzaji:

1. Je, gemu hii itafunguka bila intaneti?
2. Je, inadai programu nyingine na akaunti? Ni gigabaiti ngapi za kupakua?
3. Je, namba ya siri imekwisha kutumika?
4. Je, isipofunguka, fedha yangu itarudi?

Dai risiti, nayo iandikwe jina la gemu. Mzazi amfungulie mtoto akaunti mwenyewe, asiandike taarifa zisizodaiwa, na aingie kwenye mipangilio kuzima ukusanyaji wa taarifa usio wa lazima. Anayecheza kwenye kibanda cha gemu afunge akaunti yake kabla ya kuinuka kitini, maana anayeketi baada yake ataikuta wazi.

Muuzaji akishindwa kujibu maswali hayo manne, rudisheni fedha mfukoni. Kivuko cha kurudi Mwanza kudai haki nacho kina nauli yake.